Kiwanja cha bembea kimeachwa na mzee: kibaki na familia, kiende halmashauri, kishikwe na wadhamini, au kiuzwe?

Mwezi uliopita niliitwa kwenye kikao cha familia isiyo yangu. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Moshi, na kwa miaka 22 nimekuwa nikipaka grisi, nikibadilisha bering na kuziba nyufa katika kiwanja kimoja cha bembea ambacho karibu kila mtoto wa upande wetu wa mji amekipitia. Mwenye kiwanja, ambaye wakubwa kwa wadogo tulimwita Meku, alitutoka baada ya Pasaka. Ameacha mjane, watoto wanne, gurudumu la viti vinane, farasi 12 wa kuzunguka waliochongwa kwa mringaringa mwaka 1974, na kipande cha ardhi kando ya lami ambacho kila anayetaka kujenga kituo cha mafuta anakipigia hesabu.

Mama akaniambia mbele ya wanawe: "Baba, wewe umekaa na hivi vyuma kuliko sisi wote. Tuambie tufanyeje."

Sikuwa na jibu. Niliomba wiki tatu, na kila usiku nikishafunga karakana nikawa nasoma kwenye simu habari za viwanja vidogo vya zamani vya nchi nyingine: vilivyopona, vilivyokufa na sababu zake. Nilichokipata nimekiandika hapa kwa sababu mwenzangu wa Arusha mwenye bembea za baba yake ameniuliza swali hilo hilo, na naamini wapo wengine.

Kwanza tuelewane kuhusu hesabu, kwa maana ndiyo inayoua viwanja hivi kila mahali. Kiwanja kama cha Meku hakipati riziki mwaka mzima. Kinapata kwenye Idi mbili, Pasaka, likizo za shule kidogo, na zile siku za kuanzia tarehe 20 Desemba hadi Mwaka Mpya, Wachagga wanaporudi nyumbani na mabasi ya kutoka Dar yanashusha watu hadi usiku wa manane. Siku hizo za Desemba ndizo zinazobeba karibu nusu ya mwaka. Lakini kutu haisubiri Desemba, wala mchwa. Wenzetu wa nchi za baridi wana shida ile ile: wanafungua miezi michache ya joto, halafu theluji na mvua vinakula mbao muda wote uliobaki. Tiketi huwezi kuipandisha, maana mtoto analipiwa kwa chenji iliyobaki sokoni. Ardhi iliyo chini ya bembea ndiyo inayopanda bei kila mwaka. Siku ardhi inapozidi mno thamani ya mchezo, hata mtu mwenye moyo mzuri anaanza kusikiliza madalali.

Kwa hiyo swali la mama, hata kama hakulisema hivyo, lilikuwa hili: nani ashike ile hati?

Kubaki na familia

Kule Elysburg, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, kuna kiwanja kinaitwa Knoebels. Kilifunguliwa mwaka 1926 na ukoo wenye jina hilo, na mpaka leo kiko mikononi mwao. Hakuna kiingilio, na kuegesha gari ni bure. Unanunua tiketi za mchezo unaoutaka tu. Bibi aliyekuja kukaa kivulini akiwatazama wajukuu halipi kitu. Niliposoma hapo nilimwona Meku kabisa. Watu walimshauri mara nyingi aweke geti akakataa, akisema mama mwenye watoto watatu ukimlipisha mlangoni atageuka nao arudi nyumbani.

Lakini huruma peke yake haijawaweka hai karibu miaka 100. Ukoo ule ulikuwa na shughuli ya mbao kabla ya bembea, na haukuiacha. Wana kambi ya wageni, bwawa la kuogelea na chakula ambacho watu wanakifuata kwa makusudi. Mchezo ukilegea, chakula kinabeba. Mbao zikihitajika, mbao ni zao. Tena wana jicho la fundi: mwaka 1985 walifungua rola kosta ya mbao, yaani vigari vinavyopanda na kuporomoka kwenye reli, ambayo hawakuibuni wao. Ilijengwa San Antonio, Texas, miaka ya 1940, na kiwanja chake kilipofungwa mwaka 1980 ikabaki imesimama bila kazi. Wakaifungua vipande vipande, wakaisafirisha karibu kuvuka nusu ya nchi, wakaisimamisha upya na kuipa jina la Phoenix. Nimejaribu kuwaza kuifungua nguzo moja baada ya nyingine, kila ubao na namba yake, nikavua kofia.

Kuna jambo jingine dogo ambalo nimelipenda. Farasi wao wa kuzunguka ni wa mwaka 1913, na aliyekaa farasi wa pembeni bado ananyoosha mkono kudaka pete kila akipita. Akidaka ile ya shaba, mzunguko unaofuata ni bure. Hiyo haina gharama kubwa, lakini ndiyo inayomfanya mtoto amvute baba yake arudi. Mafuriko yamewapiga vibaya mwaka 1972 na tena 2011, na mara zote wakaondoa matope wakafungua.

Udhaifu wa njia hii haupo kwenye vyuma. Upo mezani pale tulipokaa. Mtoto wa kwanza yuko Dar, wa pili Mwanza, wa tatu ana kazi yake serikalini na hataki kusikia. Kitinda mimba peke yake ndiye amekata tiketi pale tangu akiwa darasa la tano. Familia inafaa kushika kiwanja ikiwa kuna mtu mmoja, mwenye jina, ambaye atafika saa kumi na mbili asubuhi kugonga nati kabla ya mtoto wa kwanza kupanda. Mtu huyo akikosekana, "tutakiendesha pamoja" ina maana hakuna atakayekiendesha. Na kabla ya lolote, mirathi. Hati iko kwa jina la marehemu. Bila msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hakuna mwenye uwezo wa kutia saini, awe anataka kuuza au kulinda. Wengi wanaacha miaka inapita hapa, na bembea zinaoza wakati ndugu wanasubiriana.

Kukabidhi halmashauri

Mtoto wa tatu ndiye aliyependekeza hili, na sababu yake ina uzito: serikali haifi. Unguja, kiwanja cha kufurahishia watoto cha Kariakoo kiko chini ya mfuko wa hifadhi ya jamii, ZSSF, na sikukuu ya Idi pale hapatoshi. Kwa hiyo mali ya umma inaweza kuwa mali ya watoto.

Mfano mkubwa nilioupata ni wa Margate, mji wa pwani nchini Uingereza. Kiwanja chao, Dreamland, kina reli ya mbao ya mwaka 1920 ambayo mpaka breki inashikwa na mtu anayesafiri juu ya vigari. Mwaka 2002 serikali iliiandikisha kuwa urithi unaolindwa, rola kosta ya kwanza nchini humo kupewa heshima hiyo. Mwaka uliofuata ikajulikana kwamba kiwanja kinaelekea kufungwa, wananchi wakaanza kampeni. Ulinzi wa karatasi ulizuia reli isibomolewe, lakini haukuweka mlinzi usiku: mwaka 2008 iliwashwa moto, na sehemu ikateketea. Halmashauri ikatumia nguvu ya sheria kumlazimisha mwenye ardhi auze, mvutano ukafika hadi mahakamani, na mwaka 2013 ikakichukua kiwanja. Kikafunguliwa tena Juni 2015. Reli yenyewe haikuwa tayari mpaka Oktoba, msimu umeshapita. Mei 2016, hata mwaka haujatimia, kampuni iliyopewa kukiendesha ilikuwa imeelemewa na madeni na kuwekwa chini ya usimamizi wa wafilisi.

Somo ninaloliona hapo ni kwamba halmashauri inaweza kuokoa ardhi kuliko mtu yeyote. Ina nguvu ya sheria, ina mipango miji, haifi. Mchezo ni kitu kingine. Mchezo unataka mtu anayejua kwamba kiti cha tano kinalia kwa sababu bushi imekwisha, na anayeinunua leo, bila kusubiri bajeti ya Julai.

Kwa hapa kwetu niongeze jambo ambalo watu hawalijui. Kuna wanaodhani kitu kikizeeka kinalindwa chenyewe. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo na vitu vya kabla ya mwaka 1863. Vya baadaye, vingi mpaka vitangazwe. Farasi wa Meku wana umri wa kijana wa jana mbele ya sheria hiyo. Kwa hiyo mwenye kukabidhi halmashauri asitegemee neno "urithi" lifanye kazi peke yake. Aandike kwenye makubaliano kwamba eneo ni la michezo ya watoto, na matumizi hayo yaonekane kwenye mchoro wa mipango miji. Ardhi iliyopimwa inabadilishwa matumizi kwa utaratibu wa Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na ndani ya utaratibu huo majirani wana nafasi ya kusema. Bila maandishi hayo, viongozi watakaokuja kesho hawatajua ahadi iliyotolewa leo.

Kuweka chini ya wadhamini au ushirika

Hapa nimekaa muda mrefu kuliko kwingine, kwa sababu nimepata viwanja viwili vilivyopita njia moja vikafika mahali tofauti kabisa.

Arnolds Park, kando ya ziwa West Okoboji huko Iowa, Marekani, ni kiwanja cha tangu mwaka 1889. Mwaka 1999 kilikuwa mbioni kuuzwa kwa waendelezaji wa majengo. Watu wa eneo lile walichangishana, wakapata zaidi ya dola milioni 7 kwa muda mfupi, wakakinunua na kukiweka chini ya taasisi isiyo ya faida. Kipo mpaka leo, na watoto wanapanda.

Conneaut Lake Park, Pennsylvania, kilianza mwaka 1892. Nacho kiliwekwa chini ya wadhamini kwa manufaa ya umma mwishoni mwa miaka ya 1990. Watu walikipenda si kidogo. Walijitolea kupaka rangi na kupigilia mbao. Lakini kiliingia kwenye udhamini na madeni mgongoni, na kodi za ardhi zikaendelea kurundikana. Mwaka 2008 ukumbi wake wa dansi uliungua. Mwaka 2014 wadhamini wakaomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni. Mwaka 2021 kikauzwa kwa mtu binafsi. Januari 2022, rola kosta yake ya mbao ya mwaka 1938, Blue Streak, ikiwa inabomolewa, ikateketea kwa moto.

Nimewalinganisha hawa wawili usiku baada ya usiku. Mapenzi ya watu yalikuwepo kote. Tofauti ninayoiona ni mpangilio wa mambo: kule Iowa fedha zilitangulia, ardhi ikashikwa ikiwa safi, ndipo mchezo ukaendelea. Kule Conneaut mchezo ulitakiwa ulipe madeni ya zamani huku ukijikarabati. Gurudumu la viti vinane haliwezi kazi hiyo, na rola kosta ya maili nzima pia haiiwezi.

Sisi wa Moshi hatuhitaji kufundishwa kuchangishana. Wakulima wa kahawa wa mlima huu walikuwa na chama chao mwaka 1925, na KNCU ikazaliwa mwaka 1933. Chuo Kikuu cha Ushirika kipo hapa hapa. Lakini tunajua pia upande wa pili: mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa nchi nzima, vikaja kurudishwa na sheria ya mwaka 1982. Babu yangu alikuwa mwanachama, na hadithi aliyoirudia ni ya mizani na vitabu vya hesabu: chama kinasimama mahali ambapo mwanachama anaweza kudai kuona daftari.

Kwa kiwanja cha bembea, mimi ningechagua bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, kuliko ushirika. Ushirika ni wa wanachama, nao wanataka gawio lao, ni haki yao. Bembea haina gawio la kugawa. Wadhamini wanashika mali kwa kusudi lililoandikwa, na kusudi hilo linaweza kuwa fupi kiasi cha kuandikwa kwenye bati la getini: ardhi hii ni ya watoto kucheza. Wasiwe wote wa ukoo mmoja. Awemo mwalimu, awemo kiongozi wa dini, awemo mtu wa hesabu, na nitashukuru akiwemo fundi.

Kuuza

Nilijua nitatakiwa kulisema hili pia, kwa sababu mtoto wa kwanza alikuja na karatasi ya dalali mfukoni. Sitamlaumu. Ana ada za watoto.

Idora Park ya Youngstown, Ohio, ilianza mwaka 1899. Tarehe 26 Aprili 1984 ilishika moto, sehemu ya rola kosta yake kubwa, Wildcat, ikaungua, na msimu huo ndio ukawa wa mwisho. Moto ulianzia kwenye matengenezo. Cheche za kuchomelea. Niliposoma mstari huo niliweka simu chini nikatoka nje. Ni mara ngapi nimechomelea chini ya farasi wale, chips za mbao zikiwa zimelala miguuni, ndoo ya maji ikiwa mbali? Tangu siku hiyo sigusi mashine pale kabla sijamwagia ardhi maji na kuweka mtu wa kuangalia kwa saa nzima baada ya kuzima.

Lakini farasi wa kuzunguka wa Idora, wa mwaka 1922, walipona. Kwenye mnada wa mwaka huo huo wa 1984, Jane Walentas na mumewe wa New York waliwanunua wote pamoja. Mama huyo alitumia zaidi ya miaka 20 kukwangua rangi juu ya rangi mpaka akafika ile ya kwanza, na mwaka 2011 wakaanza kuzunguka tena kando ya mto, Brooklyn. Kwa hiyo ardhi inaweza kwenda na mchezo ukabaki.

Sharti langu ni moja, na niliwaambia kwa sauti: msiuze farasi mmoja mmoja. Huko Marekani seti nyingi za zamani ziliishia hivyo, kwa sababu mtu wa sebuleni analipa zaidi kwa farasi mmoja aliyechongwa vizuri kuliko kiwanja kinavyoweza kulipa kwa wote. Hapa mjini wapo wageni wengi wanaopita kwenda mlimani na mbugani, na siku moja mmoja wao atatoa dola kwa yule mwenye shingo ya kujikunja. Siku hiyo mzunguko umekwisha, hata wakibaki 11.

Nilichowaambia

Sikupima njia hizi kwa uzuri wake. Nilipima kwa maswali ambayo familia yoyote inaweza kujiuliza jioni moja. Je, yupo mtu wa saa kumi na mbili asubuhi? Je, kuna deni, la kodi ya pango la ardhi au la mtu, linaloning'inia juu ya kiwanja? Je, kuna kitu kingine kinachoweza kuingiza shilingi pale siku ya Jumanne ya mwezi Machi, chakula, ukumbi wa ubatizo na kipaimara, chochote?

Ukiwa na mtu, huna deni, na una biashara ya pembeni, bakini familia, mfuate Knoebels. Hata wao hawakupona kwa bembea tupu.

Ukiwa na mtu lakini ndugu wanavutana, peleka ardhi kwa wadhamini, na yule mtu apangishwe mchezo kwa mkataba wa maandishi, miaka mitano mitano. Lipeni madeni kabla ya kusajili, hata kama ni kwa kuuza kipande cha nyuma. Hili ndilo ninaloamini linawafaa watu wa Meku: kitinda mimba aendeshe, wakubwa wasiweze kuiuza ardhi iliyo chini ya miguu yake, na yeye pia asiweze.

Kama hakuna mtu kabisa, halmashauri ndiyo salama ya ardhi, na mkubali kwamba bembea zenyewe huenda zikabadilika, zikaletwa za plastiki. Ni afadhali bembea ya plastiki mahali pale pale kuliko kumbukumbu.

Kuuza kuwe kwa mwisho, farasi wote 12 wakiondoka pamoja kwenda kwa mtu atakayewazungusha.

Mtoto wa kwanza aliuliza kama kweli kitu kilichochoka hivi kinaweza kurudi. Nikamjibu kwamba aliyezaliwa Moshi miaka ya 90 alikua akiona nyasi kwenye reli, na Desemba 2019 treni ya abiria ikapiga honi stesheni. Hakujibu, lakini ile karatasi ya dalali aliirudisha mfukoni.

Mama hajatia saini popote. Maombi ya msimamizi wa mirathi yameshapelekwa mahakamani. Juzi kitinda mimba alinipigia: "Shikamoo fundi. Yule farasi wa saba, tunamhitajia ubao wa mguu mmoja au yote miwili ya mbele?" Nikamwambia mmoja unatosha, ila auchague mringaringa uliokauka vizuri, na auagize sasa, kabla bei za Desemba hazijaanza.